Vitz iliyoongezewa nguvu ikazidi kuwa nzito

"Fundi, kila nikiongeza kitu, gari inazidi kuwa nzito."

Mwenye gari alisema hivyo kabla hajazima injini. Ni mwalimu, mama wa watoto wawili, na kila wiki anapita barabara yenye vilima na malori mengi. Hakuwa anatafuta mashindano na mtu. Alitaka kulipita lori mlimani bila kukaa muda mrefu upande wa magari yanayokuja. Nililichukua gari lake kwa moyo wote kwa sababu hiyo, maana sekunde mbili tatu katika jambo kama hilo zinaweza kuwa uhai wa mtu.

Gari ni Toyota Vitz ya toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa mwaka 1999 na ambalo kwenye masoko mengine linaitwa Yaris. Injini yake ni 2NZ-FE: silinda nne, cc 1298, na gia tano za kuingiza kwa mkono. Ikiwa mpya ilitoa nguvu ya farasi 87 hivi, na hao hupatikana injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika. Gari tupu lina kilo 900 hivi. Kwa hesabu hiyo kila farasi anavuta kilo 10 na ushee. Hilo haliwi gari la mbio, lakini kulipita lori mlimani linaweza kabisa.

Kwa miaka miwili mwalimu alikuwa ameshauriwa na watu tofauti, kila mmoja akamfungia chake. Ea klina ya kiwandani iling'olewa ikawekwa koni ya wavu uliopakwa mafuta, imekaa wazi ndani ya boneti. Eksozi nzima ikabadilishwa kuwa bomba la inchi mbili na nusu, na katalisti, kifaa cha kusafisha moshi, ikatupwa. Zikaja rimu za inchi 17 zenye tairi za 205/45, na nyuma yake spesa za milimita 20, vipande vya chuma vya kusogeza rimu nje. Springi zikakatwa ili gari likae chini. Plagi zikawekwa za ncha nne. Kwenye mpira wa kuingizia hewa kulikuwa na kifeni cha umeme kilichoandikwa "turbo". Ndani ya buti kulikuwa na boksi la spika, amplifaya na betri ya pili.

Simlaumu mwalimu hata kidogo. Alisikiliza watu wanaoshika spana kila siku, na kila kifaa kati ya hivyo kina hoja inayosikika vizuri kikielezwa peke yake. Kilichoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyepima kitu, si kabla ya kufunga wala baada ya kufunga.

Kupima kwanza

Kwa hiyo kabla sijafungua nati yoyote tulienda kupima. Spidi ya dashibodi haikufaa, na sababu yake utaiona kwenye tairi. Tulitumia simu yenye GPS. Tulichagua kipande cha barabara kilichonyooka na tambarare, alfajiri, pasipo na gari jingine. Unaingiza gia ya tatu, unashikilia kilomita 40 kwa saa, unakanyaga akseleta mpaka chini na kuhesabu sekunde mpaka ifike 80. Tulifanya mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, ili upepo na ule mteremko mdogo ambao jicho halioni vifutane. Wastani ulikuwa sekunde 10.9.

Watu wengi hupenda kupima kutoka gari limesimama mpaka 100. Kipimo hicho kinategemea sana klachi na mguu wa dereva. Cha gia moja kinaondoa ufundi wa dereva kwenye hesabu, na 40 mpaka 80 ndipo lori linapopitwa. Kwa uzito wa gari hili na nguvu ya injini yake, hesabu yangu ilionyesha lingetakiwa kutumia sekunde nane na nusu hivi. Vitu saba vilikuwa vimefungwa ili liende kasi zaidi, na bado lilikuwa nyuma ya Vitz isiyoguswa kwa sekunde mbili na zaidi.

Nilianza vibaya. Nilisikia mizunguko ikipanda na gari likibaki nyuma, nikafikiria klachi inateleza. Siku nzima ikaenda. Klachi ilikuwa nzima. Nikapima presha ya petroli, iko sawa. Nikapima mgandamizo wa silinda: zote nne zilikuwa kati ya psi 170 na 180, hakuna iliyoachana na wenzake. Injini ilikuwa na afya njema. Kama ningeinua gari kwa jeki asubuhi ile na kuzungusha kila tairi kwa mkono, ningeokoa nusu ya siku, kwa sababu tairi la mbele la kulia lilizunguka nusu mzunguko tu likasimama.

Kompyuta na plagi hawakukubaliana

Taa ya injini ilikuwa inawaka tangu eksozi ibadilishwe. Mwalimu alikuwa ameambiwa asiijali, kwamba ni kawaida ya gari lililoongezewa nguvu. Mashine ya kusomea kompyuta ya gari ikatoa kodi mbili, yaani namba za hitilafu. P0420 inasema katalisti haifanyi kazi, na hiyo haikuhitaji uchunguzi, kwa maana katalisti haikuwepo. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Nilipotazama takwimu hai, kompyuta ilikuwa imeongeza petroli kwa zaidi ya asilimia 20 ikijaribu kusahihisha.

Kisha nikafungua plagi. Zote nne zilikuwa nyeusi, zina masizi makavu yanayobaki kwenye kidole kama ya sufuria. Plagi za namna hiyo zinasema petroli ni nyingi mno.

Hapo nilikaa chini nikafikiri. Kompyuta inalia petroli ni kidogo, plagi zinasema imezidi, na zote mbili zinatoka kwenye injini moja. Sababu mbili za kawaida zinaweza kuleta P0171 kwenye gari lililofungwa koni na eksozi mpya. Ya kwanza ni mafuta ya ile koni kupakaza waya mwembamba wa sensa ya hewa. Waya ukichafuka, sensa inaripoti hewa pungufu, kompyuta inatoa petroli pungufu. Lakini hapo kompyuta ikishaongeza, mchanganyiko unarudi sawa, na plagi zisingekuwa nyeusi. Ya pili ni eksozi kuvuja kabla ya sensa ya kwanza ya oksijeni. Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo presha hushuka chini ya ile ya nje. Penye tundu, hewa safi huvutwa ndani. Sensa inaiona oksijeni hiyo, inaamini petroli haitoshi, na kompyuta inamwaga petroli kwenye injini isiyoihitaji. Plagi zikawa zimeamua kesi.

Kulipata tundu ilikuwa kazi ya dakika kumi. Injini ikiwa baridi na imezimwa, nilichukua mashine ya kufyonzea vumbi, nikaigeuza ipulize, nikaiweka kwenye mdomo wa eksozi na kitambaa kuziba pembeni. Halafu nikapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Pale manifoldi (bomba la kwanza la moshi kutoka kwenye injini) inapokutana na bomba jipya, povu likaanza kuchemka upande wa nyuma, mahali ambapo macho hayafiki bila kioo. Flanji, bamba la kuungia bomba, ilikuwa imechomelewa ikapinda kwa joto, na gasketi ikabana upande mmoja tu. Mstari mweusi wa masizi, mnene kama uzi wa kiatu, ulikuwa umechora njia yake kwenye chuma.

Uvujaji wa mahali hapo haumalizi nguvu na petroli peke yake. Moshi ule una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ya kukuonya, na uko hatua moja kutoka kwenye matundu ya hewa ya kabini. Watoto wawili hukaa kiti cha nyuma cha gari hili. Kwa jambo hilo sikukubali hata kujadiliana: bomba la inchi mbili na nusu lilitoka, likarudi la kipimo cha kiwandani, flanji mpya iliyonyooka, gasketi mpya na katalisti mpya. Na kusema kweli, injini ya cc 1298 haina moshi wa kulijaza bomba lile. Lilichoongeza ni sauti, na sauti kubwa humdanganya dereva kwamba anaenda.

Hewa ya moto

Koni nayo ilikuwa na kosa lake. Ea klina ya kiwandani ina mdomo unaochukua hewa mbele ya gari, mbali na joto. Koni ile ilikuwa inavuta hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta na juu ya manifoldi. Tukiwa nyuma ya lori mlimani, mwendo mdogo, hewa ya nje ilikuwa nyuzi 27 na sensa ikasoma nyuzi 62 kwenye hewa inayoingia. Hewa ikipata joto hutanuka. Ukilinganisha nyuzi hizo kwa kipimo cha Kelvin, 300 kwa 335, utakuta silinda inajaza karibu asilimia 10 pungufu ya hewa ambayo ingepata. Hewa ikipungua, petroli inayoweza kuungua vizuri inapungua. Tena kompyuta ikiona hewa ya moto huchelewesha cheche kuilinda injini isigonge, yaani petroli isilipuke ovyo ndani ya silinda, na hapo unapoteza tena kidogo. Koni iliwekwa ili injini ipumue vizuri, ikawa inaibana pale pale ambapo mwalimu anahitaji nguvu.

Tulirudisha boksi la kiwandani na mdomo wake, kichujio kipya cha karatasi, nikasafisha waya wa sensa kwa dawa yake maalum. Kwenye mlima ule ule sensa ikasoma nyuzi 34.

Kifeni cha "turbo" nilimkabidhi mwalimu mkononi, na nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Injini hii ikizunguka mara 6000 kwa dakika humeza lita 65 hivi za hewa kila sekunde. Kuisukuma hewa hiyo mpaka ipate presha ya maana kunahitaji kilowati kadhaa za nguvu. Waya wa kifeni kile ulikuwa mwembamba kama wa honi. Hakiwezi kusukuma, kinachoweza ni kukaa katikati ya njia na kuizuia hewa. Turbo ya kweli huzungushwa na moshi wa eksozi wenyewe, na ndiyo maana ina uwezo huo.

Tairi

Sehemu hii ndiyo iliyomshangaza mwalimu kuliko zote, kwa sababu rimu zilikuwa ndicho kitu alichokipenda zaidi.

Tairi la 175/65 kwenye rimu ya 14, ambalo gari hili lilikuja nalo, lina kipenyo cha milimita 583. La 205/45 kwenye rimu ya 17 lina milimita 616. Tofauti ni asilimia 5.7, na maana yake ni kwamba kila gia imekuwa ndefu kwa kiasi hicho, kana kwamba mtu amebadilisha meno ya gia bila kukuambia. Injini inazunguka polepole zaidi kwa mwendo ule ule na mkono wake wa kusukuma umekuwa dhaifu. Ndiyo sababu spidi ya dashibodi haikufaa: ikionyesha 80, gari liko karibu 85.

Kisha tukazipima kwa mzani. Tairi la 17 na rimu yake, kilo 19.5. La 14 na rimu yake ya chuma, kilo 13.5. Zidisha tofauti hiyo kwa nne, unapata kilo 24. Lakini kilo za tairi si sawa na kilo za begi lililoko kitini. Ili gari liongeze mwendo, begi linasukumwa mbele tu. Tairi linasukumwa mbele na pia linazungushwa kwa kasi zaidi. Uzito ulio ukingoni kabisa mwa tairi huhesabika kama mara mbili. Kwa hiyo kilo 24 zile injini ilizihisi kama 36 mpaka 48. Ni sawa na kumbeba abiria mmoja mdogo ambaye hashuki.

Matundu ya katikati ya rimu hizo yalikuwa na kipenyo cha milimita 73.1, na habu ya Vitz, yaani kitovu cha gurudumu, ni 54.1. Pete za kuziba nafasi hiyo hazikuwepo. Rimu ilikuwa inashikiliwa na nati peke yake bila kukaa kwenye kitovu, ndiyo maana usukani ulitetemeka kwenye kilomita 90 hata baada ya baransi mbili. Nati sasa. Stadi za gari hili, boliti zinazoshika gurudumu, ni za milimita 12, na kila mzunguko mmoja wa nati unasogea milimita moja na nusu. Nati ishike vizuri inatakiwa iingie angalau sawa na unene wa stadi, yaani mizunguko minane. Niliihesabu ya kwanza kwa vidole huku mwalimu akitazama: moja, mbili, tatu, nne, ikabaki mkononi mwangu. Spesa zilikuwa zimekula urefu wote wa stadi.

Mwalimu hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza, "Na nilikuwa napita nayo kila siku hivi?" Nikamjibu ndiyo, mwalimu.

Springi zilizokatwa zilikuwa na madhara ya aina yake. Gari likishuka hivyo bila kupigwa alaimenti, tairi za mbele huelekea nje kidogo, kila moja ikivutana na mwenzake. Ukingo wa ndani wa tairi zote mbili ulikuwa umelika mpaka nyuzi zinaonekana, wakati upande wa nje bado una kashata za kutosha. Shokapu zilikuwa zinagonga mwisho kwenye kila shimo, na gari linaloruka halishiki barabara.

Lile tairi la kulia lililokataa kuzunguka lilikuwa na kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) iliyokwama. Pini yake ya kutelezea ilikuwa kavu na ina kutu, kifuniko cha mpira kimechanika. Baada ya safari fupi bila kutumia breki sana, diski ya kushoto ilikuwa na nyuzi 60 na ya kulia 140. Joto hilo lote ni petroli ya mwalimu.

Gari likiwa kama lilivyozaliwa

Tulitoa pia boksi la spika na vitu vyake: kilo 41 kwa mzani. Nilimweleza hivi: ukipunguza kilo 60 hivi, za boksi na za rimu pamoja, kwenye gari la kilo 900, ni sawa na kuongeza farasi 6 kwenye injini ya farasi 87. Na tofauti na farasi, kilo zilizotoka zinakusaidia pia kusimama na kukata kona. Plagi zikawekwa za kawaida za aina iliyotajwa kwenye kitabu, pengo milimita 1.1. Kalipa ikafunguliwa, ikasafishwa, pini zikapakwa grisi ya breki. Nikaazima seti ya rimu za 14 kwa ajili ya kipimo.

Barabara ile ile, alfajiri, watu wale wale wawili ndani: sekunde 8.4.

Sekunde mbili na nusu zilipatikana bila kununua farasi hata mmoja. Zote zilikuwa zake tangu mwanzo. Mwalimu alitaka turudie mara ya saba ahakikishe, tukarudia.

Tulichoongeza

Baada ya hapo ndipo tukaanza kuongeza. Mini Cooper ya mwaka 1961 ni mfano ninaoupenda hapa. Mini ya kawaida ilikuwa na cc 848 na farasi 34. John Cooper, mtengenezaji wa magari ya mbio, aliposhirikiana na kiwanda, injini ikawa cc 997 yenye farasi 55, na pamoja na injini hiyo magurudumu ya mbele yakawekewa breki za diski. Diski za inchi 7 tu, kwa sababu rimu zilikuwa ndogo, lakini ziliwekwa siku moja na nguvu. Gari hilo dogo likazaa lile lililoshinda Monte Carlo Rally mwaka 1964. Waliolitengeneza hawakuongeza mwendo wakaacha breki nyuma.

Kwa hiyo tulianzia hapo. Breki padi mpya za ubora mzuri, diski zikapimwa unene zikafaa, mipira ya breki ikabadilishwa. Mafuta ya breki yalikuwa meusi, na mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kadiri miaka inavyopita, kisha huchemka mapema. DOT 4 mpya, aina mojawapo ya mafuta hayo, haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini huwa 155. Kwenye mteremko mrefu tofauti hiyo ndiyo pedali ngumu au pedali inayozama.

Springi na shokapu ziliwekwa mpya zilizotengenezwa kwenda pamoja, gari likashuka kidogo tu, likapigwa alaimenti. Rimu mwalimu alizitaka bado, na sikuona sababu ya kumnyima. Tuliweka za inchi 15 nyepesi, tairi za 185/55. Kipenyo chake ni milimita 584.5, karibu sawa kabisa na la kiwandani, na uzito wake kwenye mzani ulikuwa karibu sawa na ule wa rimu za chuma. Gari likapendeza, kona zikawa tulivu, na spidi ya dashibodi ikawa ya kweli.

Kipimo cha mwisho kilikuwa sekunde 8.3, yaani karibu hakuna tofauti, na nilimwambia mapema kwamba itakuwa hivyo. Fedha ya hatua hii ilikwenda kwenye kusimama na kushika barabara.

Mguu wa dereva

Nilikaa kiti cha abiria, yeye akaendesha kama anavyoendesha siku zote. Tulilikuta lori kwenye kilomita 60. Akabaki gia ya nne, akasubiri nafasi, akakanyaga. Mashine ya kusomea ilionyesha injini iko kwenye mizunguko 2100. Kwa mizunguko hiyo injini hii inatoa, kwa makadirio yangu, farasi 30 hivi. Wengine wote wako juu huko, wanasubiri injini izunguke.

"Nikiacha izunguke sana si itaharibika, Fundi?"

Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo walivyofundishwa wengi. Injini yenye joto lake la kazi, mafuta safi na ya kutosha, haidhuriki kwa kwenda mizunguko 5000 kwa sekunde chache. Imetengenezwa kwa hilo. Kinachoiumiza zaidi ni kukanyagwa mpaka chini ikiwa mizunguko 1500 kwenye gia kubwa mlimani, unasikia inagugumia.

Tukarudi kwenye kipande chetu cha kupimia. Kutoka 60 mpaka 80 kwa gia ya nne: sekunde 6.7. Kwa gia ya pili, ikianzia mizunguko 4100 na kuishia 5400 hivi: sekunde 2.7. Sekunde nne kwenye mwendo huo ni mita 78 za barabara, na zote ni mita za upande wa magari yanayokuja. Alirudia mara nyingi mpaka mkono ukazoea kushusha gia mbili kabla ya kutoka nyuma ya lori, na mguu ukazoea kuinua mizunguko kidogo wakati klachi inarudi ili gari lisishtuke.

Sehemu hii haikuwa na spana, na ndiyo iliyotoa faida kubwa kuliko yote tuliyofanya.

Alichouliza mwishoni

Aliuliza kuhusu turbo ya kweli. Nilimwambia inawezekana, lakini injini hii imebuniwa kuvuta hewa yenyewe. Ukiisukumia hewa unahitaji injekta kubwa zaidi, kompyuta iliyopangwa upya na mtu anayeijua kazi hiyo, klachi imara, njia ya kupoza hewa, na pistoni zinazoweza kubeba mzigo huo. Mtu akikuambia atafunga turbo pekee na mambo yamekwisha, injini itagonga mpaka pistoni ipasuke.

Jibu langu kwa anayetaka nguvu zaidi kwenye gari hili ni injini ya 1NZ-FE. Ni ndugu wa ile aliyonayo: kipenyo cha silinda ni kile kile, milimita 75, lakini pistoni inasafiri milimita 84.7 badala ya 73.5, na hivyo inakuwa cc 1497 na farasi 109 hivi. Ndiyo iliyokuwa kwenye Vitz RS. Farasi 22 kwa mara moja, wanaowaka asubuhi bila taabu, pamoja na kompyuta na waya zake kutoka gari lile lile ilikotoka injini. Eksozi, koni na plagi zote za duniani hazitaleta nusu ya hao kwenye injini ndogo isiyo na turbo.

Tulikubaliana asubiri. Breki za nyuma ni za dramu na sijazifungua bado. Upande wa kushoto handbreki inashika jino moja mapema kuliko kulia. Nimemwandikia kwenye daftari la gari, chini ya vipimo vyote vitatu, arudi baada ya kilomita 1000 tuzifungue.